Jinsi ya kulipata shamba la babu wa babu yako katika vijiji vya England

Kazi yangu ni kuchimbua nyaraka za mashamba ya zamani ya England kwa niaba ya familia. Wanaonitafuta kwa Kiswahili huwa wa aina mbili: wajukuu wa walowezi na maofisa wa kikoloni walioacha damu yao Kenya na Tanganyika, na wazazi wanaoishi Uingereza ambao watoto wao wana upande mmoja wa Kiingereza. Karibu wote huanza kwa kusema, "Babu alikuwa na shamba."

Tuanze kwa kuisahihisha kauli hiyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu sehemu tisa kwa kumi ya ardhi ya kilimo ya England ililimwa na wapangaji. Babu yako huenda alilima ekari 150, akaajiri vibarua, akazikwa chini ya jiwe la maana, na asimiliki hata jani moja. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Usajili umekuwa wa lazima kote England na Wales tangu Desemba 1990 tu, na daftari lao linakuambia nani anamiliki leo. Wewe unamtafuta aliyekuwa akilima.

Kwa hiyo mfuate mkaaji, kisha vifuate vipande vya ardhi alivyolima. Jina la shamba liwe la mwisho. Mashamba yaitwayo Manor Farm, Church Farm na Hill Farm yametapakaa kila kaunti, na majina mengine yalihama au kubadilika kila alipoingia mtu mpya. Mipaka ya vipande haihami kwa urahisi hivyo.

Mifano yangu mingi ni ya Devon, kusini magharibi, kwa sababu huko mashamba yamesimama mojamoja mabondeni badala ya kurundikana kijijini, na nyaraka utakazohitaji zimeenea karibu kaunti nzima. Scotland wana utaratibu wao, sitaugusa.

Hatua ya 1: Pata parokia

Aliyekuambia "babu alitoka Devon" bado hajakuambia kitu. Kaunti hiyo ina parokia za kale zaidi ya 400, na karibu kila karatasi ya zamani imepangwa kwa parokia. Bila jina la parokia utapapasa gizani.

Anza na kilichomo nyumbani: cheti cha ndoa, kitabu cha ubatizo cha kanisa la huko alikohamia, maandishi ya kaburini, barua. Kama alikuja Afrika Mashariki kwa meli, orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, na zinasomeka pia kwenye tovuti za kulipia za nasaba. Zile za baada ya Vita vya Kwanza mara nyingi zina anwani yake ya mwisho kabla ya kupanda meli. Nimeona anwani hiyo ikiwa ni jina la shamba lenyewe, na kazi ya wiki ikaisha kabla ya chai ya jioni.

Kisha tafuta cheti cha kuzaliwa. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya vizazi kwenye tovuti ya ofisi kuu ya usajili, inayojulikana kwa herufi GRO, inaonyesha jina la ukoo wa mama tangu mwanzo, na hilo ndilo litakalokutenganishia akina William na akina John. Binamu wanne wenye jina moja katika parokia moja ni jambo la kawaida kabisa. Cheti chenyewe utalipia. Kitakupa mahali alipozaliwa na kazi ya baba.

Kabla ya 1837 utategemea vitabu vya kanisa, ambavyo viliamriwa kutunzwa tangu 1538. Vingi utavisoma kwenye tovuti za FamilySearch na FreeREG, ambazo hazitozi kitu.

Hatua ya 2: Msome kwenye sensa, pamoja na majirani zake

Sensa zenye majina ya watu wote zinaanza 1841 na zimefunguliwa hadi ya 1921. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na daftari la watu lililoandikwa Septemba 1939.

Ya 1841 ina walakini: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi kwenye namba inayogawanyika kwa tano, na mahali pa kuzaliwa hapakutajwa zaidi ya kusema kama ni ndani ya kaunti hiyo au nje. Nzuri zaidi kwetu ni ya 1851. Humo mkulima alitakiwa kutaja analima ekari ngapi na ameajiri watu wangapi. Iandike namba hiyo ya ekari pembeni, utaihitaji. Na ukikuta Ag Lab mbele ya jina la babu yako, ujue alikuwa kibarua wa shambani. Shamba unalolitafuta ni la mwajiri wake, na babu huenda aliishi kwenye kibanda cha pembeni. Familia nyingi hazipendi kusikia hivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wengi wa vijijini wakati ule.

Usinakili mstari wa babu peke yake. Karani wa sensa alipita kwa miguu au kwa farasi kutoka nyumba hadi nyumba, kwa hiyo nakili kaya kumi za kabla na kumi za baada. Mara nyingi karani aliandika jina la kijiji tu bila kutaja shamba. Kama jirani wa juu yupo kwenye kinu cha maji na jirani wa chini yupo kwa kasisi, tayari unajua babu alikuwa katikati ya wapi na wapi.

Hatua ya 3: Ramani ya zaka

Hapa usiwe na haraka. Kwa karne nyingi mkulima wa Kiingereza alidaiwa fungu la kumi la mazao yake: miganda ya ngano, wanakondoo, hata maziwa. Sheria ya 1836 iliyageuza malipo hayo kuwa fedha zilizopimwa kwa bei ya ngano, shayiri na oti. Ili kujua nani alipe kiasi gani, ilibidi kila kipande cha ardhi kipimwe, kipewe namba na kuandikwa kitabuni. Kazi kubwa ilifanyika kati ya 1836 na mwanzoni mwa miaka ya 1850, na ilifikia takriban robo tatu ya England na Wales. Zilitengenezwa nakala tatu: moja ya makamishna wa zaka, ambayo sasa iko Kew, moja ya dayosisi na moja ya parokia. Hizi mbili za mwisho kwa kawaida utazikuta kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti. Kwa Devon ni Exeter, na kwa upande wa kaskazini Barnstaple. Kaunti kadhaa, Devon na Cheshire zikiwemo, zimeziweka ramani hizo kwenye intaneti bure.

Ramani ni nusu tu ya nyaraka. Nusu ya pili ni kitabu chake, na hapo ndipo babu alipo. Kinapangwa kwa majina ya wenye ardhi, chini yao majina ya wakaaji, kisha namba ya kila kipande, jina lake, kinalimwa nini, ukubwa na kiasi cha kulipa. Ukubwa uko kwenye safu tatu zenye herufi A, R na P: ya kwanza ni ekari, ya pili ni robo za ekari, ya tatu ni vipimo vidogo ambavyo 40 vinafanya robo moja. Ukiona neno Himself kwenye safu ya mkaaji, mwenye ardhi alilima mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Pitia kitabu chote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ukiandika kila mahali jina la babu linapotokea kama mkaaji. Nasema chote kwa sababu mtu mmoja aliweza kukodi ekari 90 kwa bwana mkubwa, malisho ya mtoni kwa kasisi na kakipande kamoja kwa mjane wa jirani. Ukiishia kwenye jina la kwanza utapata shamba lililokatwa mkono. Jumlisha ekari. Kama zinakaribiana na zile za sensa ya 1851, uko kwa mtu sahihi. Zikitofautiana sana, ama kuna mwenye jina kama lake, ama aliongeza au kupunguza ardhi kati ya miaka hiyo, na lazima ujue ni lipi kabla ya kuendelea.

Chukua nakala ya ramani na upake rangi vipande vyote vyenye namba ulizoandika. Shamba litajitokeza lenyewe. Tafuta kipande kilichoelezwa kuwa ni nyumba na uwanja wake. Kwenye ramani nyingi nyumba za watu zimepakwa rangi nyekundu na mabanda rangi ya kijivu. Hapo ndipo alipolala.

Ukiambiwa hakuna ramani ya zaka, usikate tamaa. Kaunti za katikati kama Northamptonshire na Leicestershire zina mapengo makubwa kwa sababu ardhi yao ya pamoja ilikuwa imekwisha gawanywa na kuzungushiwa ua kwa sheria za Bunge, hasa kati ya 1750 na 1836, na zaka ikafutwa humo humo kwa kulipana ardhi. Omba hati ya ugawaji huo na ramani yake. Ila inataja zaidi wenye ardhi, na mpangaji itabidi umtafute kwenye orodha za kodi ya ardhi za 1780 hadi 1832, ambazo zina safu ya mkaaji.

Hatua ya 4: Ilete kwenye ramani ya leo

Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Licha ya jina lake, ina ramani za zamani za England nzima zilizochorwa na Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, bure. Tumia zile za inchi 25 kwa maili, za nusu ya pili ya karne ya 19, ambazo zinaonyesha kila ua, kisima na banda. Tovuti inakuruhusu kuilaza ramani ya zamani juu ya picha ya satelaiti na kuififisha taratibu. Linganisha umbo la vipande ulivyopaka rangi. Devon kuta za udongo zenye miti juu yake zimedumu, kwa hiyo mipaka mingi ya 1840 bado ipo. Mashariki, Norfolk na Lincolnshire, nyua nyingi ziling'olewa baada ya Vita vya Pili ili matrekta yapite. Huko shikilia barabara, mito na kanisa.

Angalia pia kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Historic England. Maelezo yake hutaja umri wa jengo na vifaa lilivyojengewa.

Hatua ya 5: Jaza miaka iliyobaki

Kew kuna uthamini wa ardhi uliofanywa kwa sheria ya fedha ya 1909 na 1910, wenye jina la mwenye ardhi, mkaaji na maelezo ya majengo. Kuna pia ukaguzi wa mashamba wa 1941 hadi 1943, wa kila shamba la ekari tano na zaidi. Huu naupenda kwa ukali wake: mkaguzi aliandika kuhusu maji, umeme, panya na magugu, kisha akampa mkulima daraja A, B au C. Aliyepata B au C aliandikiwa sababu, ikiwa ni uzee, ukosefu wa mtaji au kasoro zake mwenyewe. Mwandae mama mkwe kabla hujamwonyesha.

Wosia wa baada ya 11 Januari 1858 uko kwenye mfumo mmoja wa taifa. Wa kabla ya hapo ulikuwa kwenye mahakama za kanisa, na wa Devon uliteketea Exeter ilipopigwa mabomu mwaka 1942. Ulizia nakala za ofisi ya kodi za 1812 hadi 1857, ambazo zilinusurika na kurudishwa kwenye kaunti.

Magazeti ya zamani tafuta karibu na 25 Machi na 29 Septemba, siku ambazo upangaji ulianza na kuisha. Mpangaji akiondoka, mnada wa mifugo na majembe yake ulitangazwa, ng'ombe kwa idadi.

Hatua ya 6: Kwenda

Jiandae kukuta nyumba na ardhi vimeachana. Nyumba imeuzwa kwa watu wa mjini, banda limekuwa nyumba za wageni, na vipande vinalimwa na jirani aliye maili mbili kutoka hapo. Mashamba mengine hayapo kabisa: yapo yaliyofunikwa na bwawa la Roadford huko Devon, na watu wa Tyneham, Dorset, waliohamishwa na jeshi Desemba 1943 hawakurudi tena.

Nunua ramani ya Explorer, ile ya Ordnance Survey ya watembea kwa miguu, ya eneo hilo. Nukta na vistari vya kijani ni njia za umma. Kwa hizo unapita kati ya shamba bila kuomba ruhusa, mradi usiiache njia na ufunge kila lango ulilolikuta limefungwa. Uani usiingie bila kualikwa. Mwandikie mwenye nyumba barua ya karatasi wiki kadhaa kabla, umweleze wewe ni nani, uambatishe nakala ya ramani ya zaka uliyoipaka rangi, na uepuke Machi na Aprili kama wanafuga kondoo, maana huo ndio msimu wa kuzaa na hawalali. Wengi hawajawahi kuiona ramani hiyo, na barua yenye ramani hujibiwa haraka kuliko isiyo nayo.