Pointi zimelingana kwenye msimamo wa kriketi, sasa nani yuko juu?

Ukiona timu mbili zina pointi sawa usianze kuuliza nani alimpiga nani walipokutana, anza na kanuni za hayo mashindano uone vigezo vimepangwaje, kipi cha kwanza kipi kinafuata, maana kila ligi ina mpangilio wake na kigezo cha kwanza kikishaamua vingine vyote havina kazi tena.

Chukua Kombe la Dunia 2019 kule Uingereza. New Zealand pointi 11, Pakistan pointi 11, nafasi ya nusu fainali iliyobaki ni moja. Pakistan walikuwa wamempiga New Zealand kwa wiketi 6 (yaani walifikisha lengo wakiwa bado wamebakiwa na wiketi 6, nafasi za wapigaji kutolewa) kwa hiyo mashabiki wao roho ziliwauma sana, ila kanuni ilisema kwanza idadi ya ushindi (wote walikuwa na 5), halafu neti rani reti yaani NRR, halafu ndo mechi waliyokutana wenyewe. NRR New Zealand +0.175, Pakistan -0.430. Kesi imeisha hapo, New Zealand wakapita wakaenda mpaka fainali.

Sasa hiyo NRR unaipata hivi: chukua rani zote (alama za kriketi) timu ilizopiga kwenye mashindano gawanya kwa ova zote (seti za mipira sita) ilizocheza kupiga, halafu rani zote ilizofungwa gawanya kwa ova ilizorusha, toa ya pili kwenye ya kwanza. Ni jumla ya mechi zote kwa pamoja, usitafute NRR ya kila mechi ukaja kutafuta wastani, utapata jibu jingine kabisa. Mechi iliyofutwa na mvua haiingii kwenye hesabu hii japo pointi wanagawana.

Kuna sehemu mbili watu wanakosea kila siku. Ya kwanza, ova 13.4 siyo kumi na tatu nukta nne, ni ova 13 na mipira 4, na ova moja ina mipira 6, kwa hiyo kwenye kikotoo andika 13.667. Ya pili ndo kubwa: timu ikitolewa wote, yaani wapigaji wake wakiisha kabla ova hazijaisha, inahesabiwa kama imecheza ova zake zote. Pakistan mechi yao ya kwanza 2019 na West Indies walitolewa wote kwa rani 105 ndani ya ova 21.4 tu, lakini unagawa kwa 50, maana mechi zile zilikuwa za ova 50 kila upande, inakuja 2.10. West Indies wakafikisha 108 kwa ova 13.4, hiyo ni kama 7.90. Tofauti -5.80 kwa mechi moja! Na mimi nasema wazi, Pakistan walitolewa kwenye mashindano siku ile pale Nottingham, ilipochezwa mechi hiyo, maana mpaka wanafika mechi ya mwisho na Bangladesh walipiga 315 na bado walitakiwa wawazuie Bangladesh wasizidi rani 7. Walishinda kwa rani 94 wakarudi nyumbani.

Ukishaelewa hivyo unaweza kufuatilia mechi ya mwisho ya makundi kwa macho mengine kabisa. IPL 2024 (ligi ya kriketi ya India), tarehe 18 Mei, RCB (timu ya Bengaluru) walikuwa na pointi 12 na CSK (timu ya Chennai) 14, wakigombea nafasi ya kuingia hatua ya mtoano, yaani RCB akishinda wanalingana pointi na ushindi, NRR inaamua. RCB wakapiga 218, na hesabu ikawa CSK wakifikisha 201 tu wanapita hata wakipoteza mechi. Kwa hiyo usiangalie 219 za kushinda mechi peke yake, kuna namba mbili za kufuatilia, na ile ndogo ndo ilikuwa na presha yote ova ya mwisho. CSK waliishia 191, RCB wakapita kwa +0.459 dhidi ya +0.392.