Namba zimegoma kujumlisha: jinsi ya kuandika mwongozo wa programu huria kutokana na maswali ya watumiaji

Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga. Kompyuta zangu zinatumia LibreOffice, programu huria ya kuandika na kupiga hesabu (ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuiboresha) iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, na wateja ninaowawekea kwenye laptopu zao wakikwama hurudi kwangu. Zamani nilijibu swali lile lile kwa mdomo asubuhi na jioni. Siku hizi kila jibu linaacha ukurasa ulioandikwa, na watu wanatumiana wenyewe. Kazi hii haihitaji kujua kuandika programu hata mstari mmoja.

Hatua ya 1: Andika swali kama lilivyotoka mdomoni

Daftari likae mezani. Mtu akisema "kazi yangu imevurugika", andika hivyo hivyo. Ukiligeuza kuwa "hitilafu ya mpangilio wa waraka", mwenye shida hatalitafuta kwa jina hilo. Maneno sanifu nayathamini sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org ya Kiswahili, mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria, Kiswahili kiliingia kwenye menyu zenyewe. Lakini mteja wangu anasema kusevu, kwa hiyo naandika "hifadhi, yaani sevu", na wote wawili tunaelewana.

Hatua ya 2: Kaa pembeni, usishike kipanya

Hapa ndipo penye kazi yote. Katibu wa kikoba, mama mmoja wa Makorora, alinijia na laptopu ya mwanawe. "Mwanangu, hizi namba zimegoma kujumlisha. Michango ya watu thelathini, jumla inaniletea sifuri."

Mkono ulinicheza nichukue kipanya, nikajizuia. "Mama, hebu andika mchango mmoja nikiona."

Akaandika 15,000/= taratibu, kama anavyoandika kwenye daftari la kikoba, na kama sote tunavyoandika bei. Kumbe ni hiyo /= tu. Calc, sehemu ya LibreOffice ya kupigia hesabu, ikiiona, inahesabu kisanduku kizima kuwa maneno, na SUM, amri ya kujumlisha, huyaruka maneno. Mwandishi aliye mbali hawezi kukumbuka kuitaja /=. Sisi tunaoiandika kila siku ndio wa kuitaja, na ndiyo maana mradi wa LibreOffice unatuhitaji.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja, shida moja

Kichwa kiwe lile lalamiko lenyewe. Ukurasa wa yule mama ni huu:

Namba zimegoma kujumlisha
1. Bonyeza Ctrl+F8. Namba za kweli zitakuwa za bluu. Zilizobaki nyeusi, Calc inaziona ni maneno.
2. Bofya herufi iliyo juu kabisa ya safu ya michango, mfano C.
3. Bonyeza Ctrl+H. Kwenye Find andika /= na kwenye Replace usiandike kitu. Bofya Replace All.
4. Bofya tena herufi C, kisha bonyeza Ctrl+1. Kwenye Numbers, sehemu ya Format code, andika #,##0"/=" halafu OK.
5. Kuanzia leo andika 15000 tu. Mkato na /= vitajiweka vyenyewe.

Hakuna historia ya Calc hapo. Daniele Procida, katika Diátaxis, mfumo wake wa kupanga nyaraka za programu, anagawa nyaraka mafungu manne: mafunzo, maelekezo ya kazi, rejea na ufafanuzi. Mtu aliyekwama anataka maelekezo. Ufafanuzi upe ukurasa wake.

Hatua ya 4: Mpe mwingine aujaribu, wewe unyamaze

Mwanzo nilikuwa nimeandika "chagua safu". Karani wa shamba la mkonge akachagua mstari mzima wa kulala, akakwama hapo hapo. Kosa lilikuwa langu, si lake. Ndiyo sababu sasa pameandikwa "bofya herufi".

Hatua ya 5: Fikiria bando

Maandishi kwanza, video baadaye. Picha ya skrini ikate ibaki menyu inayohusika. Kifurushi cha msaada cha LibreOffice hupakuliwa peke yake. Ukikiweka, F1 inafanya kazi bila intaneti.

Hatua ya 6: Rudisha kwenye mradi

Programu yenyewe ikiwa na kasoro, usiishie kuwafundisha watu kuikwepa. LibreOffice hupokea taarifa za kasoro kwenye Bugzilla, tovuti yake ya kuzisajili. Taja toleo (liko Help, kisha About), mfumo wa kompyuta, ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia na ulichopata. Taarifa moja, kasoro moja. Ambatisha faili dogo linaloonyesha tatizo, na majina ya wanakikoba yafute kabla hujalituma. Hesabu zao ni siri yao.

Hatua ya 7: Weka tarehe na toleo chini ya kila ukurasa

Matoleo makubwa ya LibreOffice hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Agosti, na tangu 2024 namba yake hutaja mwaka na mwezi, kama 24.8. Kila toleo jipya likitoka nafungua kurasa zangu zote na kufuata kila hatua kwa mkono wangu. Menyu ikiwa imehama, narekebisha siku hiyo hiyo. Huwa naanza na ule wa /=.