Jinsi ya Kupunguza Kioo cha Kukinga Upepo cha Pikipiki Ukiwa Nyumbani

Anayesafiri kwa pikipiki kutoka Moshi hadi Arusha, umbali wa takribani kilomita 80, huufahamu vizuri upepo wa uwanda ulio wazi baada ya Boma Ng'ombe. Wengi hufunga kioo kirefu wakidhani kwamba kadiri kinavyopanda ndivyo upepo unavyopungua, kumbe hewa inayoruka ukingo wa juu hujikunja na kurudi nyuma ya kioo, ambako mgandamizo ni mdogo, kisha huipiga helmeti na kuitikisa safari nzima. Kioo kizuri ni kile unachotazama juu yake. Kile unachotazama kupitia ndani yake kitakusumbua siku ya mvua, na vilevile jioni unapoelekea Arusha, jua likiwa limekukabili na kila mkwaruzo ukimetameta.

Kwanza, pima. Kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa siku zote, ukiwa umevaa helmeti, kisha mwombe mtu aweke alama kwenye kioo pale mstari wa macho yako unapopita unapotazama barabara mita 15 mbele. Ukingo mpya uwe sentimita 3 hadi 5 chini ya alama hiyo. Hata hivyo, usikate yote kwa mara moja. Anza na nusu, uendeshe, ndipo uamue, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi.

Pili, ijue plastiki yako. Akriliki, ile inayotumiwa na watengenezaji wa mabango, ni ngumu lakini hupasuka kwa urahisi, ilhali polikaboneti hupinda bila kuvunjika. Usipokuwa na uhakika, ichukulie kuwa akriliki na ufanye kazi polepole.

Tatu, kunja karatasi ya manila katikati, uchore nusu ya umbo unalolitaka na uikate ikiwa imekunjwa, ili pande zote mbili zilingane. Bandika utepe wa karatasi pande zote za kioo, uhamishie mchoro juu yake, kisha ukibane kioo kati ya mbao mbili zilizofunikwa kwa kitambaa. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, ukipita milimita 2 nje ya mstari. Msumeno ukipata moto, pumzika, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka huganda tena nyuma ya meno na kuubana.

Kulainisha ukingo ndiyo kazi ambayo watu huiharakisha, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko kukata kwenyewe. Anza na tupa laini, ufuate msasa namba 120, kisha 240 na 400, umalizie na 600 ukiwa na maji. Pitisha ukucha ukingoni: ukikwama mahali popote, rudia, maana pengo dogo namna hiyo ndilo chanzo cha ufa.

Ikiwa unahitaji matundu mapya, weka ubao nyuma ya kioo na utoboe kwa kasi ndogo bila kukandamiza. Kwa boliti ya milimita 6, toboa tundu la milimita 8. Asubuhi ya Julai hapa kwetu ni ya baridi na mchana jua huwaka. Joto likipanda kwa nyuzi 30, kioo cha nusu mita hutanuka takribani milimita 1, na kisipopata nafasi hupasuka tunduni. Kioo changu cha kwanza kilipasuka hivyo hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimekaza boliti kupita kiasi.

Wakati wa kufunga, weka washa za mpira pande zote mbili. Mpira wa tyubu kuukuu unafaa kabisa. Tumia nati zenye plastiki ndani, wala usipake gundi ya kukazia nati, kwani huila polikaboneti. Petroli nayo huiharibu, kwa hiyo usiifute nayo kamwe. Mwagia maji vumbi liondoke, ndipo uoshe kwa sabuni na kitambaa laini. Zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, ukihakikisha kwamba kioo hakigusi waya wa klachi wala bomba la breki.

Jaribu kwanza kwa kilomita 50 kwa saa, halafu 80 mahali panaporuhusiwa. Nyanyuka kidogo kwenye kiti: kelele ikipungua, punguza sentimita 1 nyingine, ikipungua unapoinama, kioo kimekuwa kifupi, nawe usikate tena bali ukisimamishe wima zaidi.