Jinsi ya kuediti klipu ya Desemba ya nyumbani Moshi iendane na biti

Kila Januari watu waliopanda Desemba kwenda Moshi kuhesabiwa, yaani kujumuika na ukoo, wanarudi mjini na simu zimejaa video, za ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), za watoto migombani, za mlima, afu zinakaa humohumo mpaka simu inagoma kupiga hata picha moja. Hizo hizo zinatosha kutoa klipu moja kali ya sekunde 30. Unachohitaji ni simu yako na apu ya kuediti video kama CapCut au InShot, laptopu achana nayo kwanza.

Watu wengi wanapanga video zote weee, wakimaliza ndo wanatafuta wimbo wa kubandika juu. Geuza. Anza na wimbo, chukua kipande cha sekunde 30 ambacho ndani yake kuna pale muziki unapochanganya, kisiwe kimelala mwanzo mwisho, kiingize kwenye apu, vaa hedifoni, sikiliza na kila ngoma inapopiga weka alama. CapCut ina sehemu yake ya biti ukigusa wimbo, ila mi napenda kugonga kwa kidole mwenyewe, sikio halidanganyi.

Hesabu yake sasa. Wimbo wa biti 96 kwa dakika, biti moja ni sekunde 0.625, kwahiyo biti nne ni sekunde 2.5, ukikata kila baada ya biti nne kwenye sekunde 30 unaingiza vipande 12. Kumi na mbili tu, ndo maana hakuna haja ya kuhangaika na video mia! Singeli ina mambo yake, mara nyingi inavuka biti 200 kwa dakika, ukikata kila biti watu wataumwa kichwa, we kata kila baada ya biti nane. Na hata kwenye wimbo wa taratibu usikate sawasawa muda wote, mwanzoni acha vipande virefu, muziki ukichanganya ndo ufupishe. Sogeza mkato fremu moja au mbili (fremu ni zile picha mojamoja zinazounda video) kabla ya ngoma, utaona unavyokolea.

Kwenye kuchagua kuwa na roho ngumu. Ile video ya dakika tatu ya ndafu huitaki yote, unataka ile sekunde kisu kinazama kwenye nyama iliyokauka juu na mnofu unanyanyuka, ngoma ipige hapohapo kisu kinapogusa. Baada ya hapo weka kitu cha mbali, mfano shamba zima, afu rudi karibu, mkono wa bibi unamimina mbege kwenye kata. Mlima urekodi asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika, ukiamka saa nne utarekodi mawingu, usije kulaumu kamera.

Slomo nayo inasumbua wengi. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde afu uje kupunguza spidi nusu, video inakatakata. Rekodi kwa 60 ndo upunguze, inateleza vizuri.

Transisheni, yale madoido ya kuunganisha kipande na kipande, zile za kuzungukazunguka mi sizitaki kabisa, mkato wa kawaida uliokaa kwenye biti unatosha. Cha maana zaidi ni sauti halisi, usizizime zote, tafuta sehemu moja, kicheko cha shangazi au mvua kwenye bati, shusha muziki sekunde mbili isikike, afu muziki urudi na ngoma. Hapo ndo watu wanarudia kuangalia.

Kama ni ya statasi tengeneza wima, 9 kwa 16, futa ile nembo ya CapCut inayojiweka mwishoni, afu itoe kwenye apu kwa ubora wa 1080. Kwenye grupu la ukoo itume kama dokumenti, usiitume kama video ya kawaida, WhatsApp inaikamua mpaka sura ya bibi inakuwa ukungu. Ila waambie kwanza wenye bando dogo, maana litaisha na lawama zitakuja kwako.