SOMO: Kuunda kayaki ya plaiwudi nyumbani. Someni lote kabla ya kuuliza

Kila nikiishusha kayaki yangu pale gatini Lamu hurudi na maswali yale yale: plaiwudi gani, gundi gani, mbona haina misumari. Nayaandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Plaiwudi. Nunua ya baharini, unene milimita 4, shiti tatu za futi 8 kwa 4. Muuzaji akikuapia kuwa haiharibiki na maji, mwombe kipande, kichemshe sufuriani nusu saa, kianike, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, usinunue.

2. Kuunga. Shiti ina mita 2.44 na kayaki inataka karibu 4.8, kwa hiyo shiti mbili huungwa ncha kwa ncha. Chonga kila ncha kwa randa iwe mteremko wa mara nane ya unene, yaani milimita 32. Itazame mistari ya gundi kati ya tabaka: ikinyooka na kulingana toka upande mmoja hadi wa pili, mteremko umekaa sawa.

3. Chora, kata. Mbavu za kulia na kushoto zikatwe pamoja ili zitoke pacha.

4. Kushona. Toboa vitundu kila sentimita 10 ukingoni, funga kwa waya wa shaba. Usikaze waya wowote mpaka vipande vyote vimekaa mahali pake. Kisha weka fito mbili juu, moja mbele moja nyuma, chutama utazame: zisipolingana chombo kimejipinda, na gundi ikishashika hakinyooki tena.

5. Gundi. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoiharibu kayaki yangu ya kwanza. Gundi ni epoksi ya vitu viwili, resini na kigumisho, na kipimo ni kile kilichoandikwa koponi. Kuzidisha kigumisho hakuharakishi kazi, kunaiacha ikinata. Mimi nilichanganya lita nzima ndooni, saa nne asubuhi, nikidhani naokoa muda. Epoksi ikiwa nyingi mahali pamoja hujichemsha yenyewe, na joto letu huizidishia. Haikupita muda ndoo ikafuka moshi na plastiki ikalegea, nikaikimbiza nje mchangani. Nikachanganya nyingine, nikatandaza kitambaa cha faiba juu ya ubao huku jua likipanda. Ubao ukipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kufika adhuhuri faiba yote ilijaa viputo kama vipele vya harara. Nilipiga msasa siku tatu, na mpaka leo ukiishika ubavuni utavihisi.

Basi shikeni haya. Changanya kikombe kimoja cha chai kwa mara, umimine upesi kwenye sinia pana ili joto litoke. Fanya kazi kivulini, baada ya alasiri, ubao ukiwa unapoa: hapo huivuta gundi ndani badala ya kuipulizia nje. Vaa glavu. Usinawe epoksi kwa thina, maana huzidi kuipenyeza ngozini, na mzio wake ukikupata hautoki.

Kwenye maungio ya ndani, tia vumbi laini la mbao ndani ya epoksi mpaka iwe nzito kama halua inayokaribia kushika, uipake hapo na kuisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Ikilala usiku mmoja, toa waya, bandika utepe wa faiba ndani, kisha nje. Utando wa kunata ukitokea juu, uoshe kwa maji kabla ya msasa.

6. Kuta mbili za ndani, mbele na nyuma, ili chombo kielee hata kikijaa maji. Sitaha. Msasa.

7. Vanishi yenye kinga ya jua, au rangi. Epoksi tupu huliwa na jua.

MASWALI

Baharia wa Malindi: Naweza kutumia resini ya kawaida ya kuzibia mashua za faiba? Ni rahisi zaidi.
— Hapana. Haishiki mbao sawasawa, baada ya muda hubanduka. Nilisema epoksi.

Baharia wa Malindi: Lakini jamaa yangu aliitumia.
— Muulize jamaa yako baada ya kusi mbili. Mimi naandika nililolijaribu.

Kijana Mjini: Gundi ni gani?
— Hatua ya 5.

Binti Shela: Hii si kama mtepe, ile mashua ya zamani? Nao ulishonwa bila misumari.
— Swali zuri sana, dada. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kamba hizo ndizo zilizoushika maisha yake yote. Huku waya hushika mpaka gundi ikauke tu, halafu hutolewa. Njia hii ilienea Uingereza miaka ya 1960 kupitia kimashua kiitwacho Mirror. Nilipoanza kuukaza waya nilijua wazee wetu wangeielewa kazi hii bila kufundishwa.

Fundi wa Matondoni: Mwanangu, sifa, yale mafuta ya samaki, hupaki?
— Shikamoo ami. Hapana, mafuta yakitangulia kwenye mbao epoksi haishiki tena. Sifa tuiachie mashua.

Fundi wa Matondoni: Vyema. Basi randa inoe kila mara, gundi ya plaiwudi hula makali upesi.
— Ahsante ami, hilo nililiacha na ni kweli kabisa.

Mvuvi Kipungani: Yangu niliianika juani, sitaha ikafumuka kwenye ukuta wa mbele.
— Hewa ya ndani ilitanuka ikakosa njia. Toboa katundu ka milimita 2 ukutani, juu. Na rangi iwe nyeupe.

Binti Shela: Nikimaliza nianzie wapi?
— Maji ya kiunoni. Jipindue makusudi, toka, fua maji yaliyoingia, rudi ndani, mara tatu. Ukiweza, vuka mpaka kisiwa cha Manda maji yakijaa, asubuhi kabla ya upepo. Mlango wa bahari wa Shela wakati wa kusi usiuguse mwaka wa kwanza.