Anza kujifunza usanifu wa ndani na chumba cha futi kumi kwa kumi

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wengi huanzia kwenye kompyuta. Wiki ya pili wana picha ya sebule yenye sofa nyeupe na taa za kuning'inia, ila ukiwauliza sofa hiyo ina kina gani, wanatazamana. Siku hizi nawapa mradi mmoja tu wa studio: chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, yaani karibu mita 3 kwa 3. Mteja ni mama mshonaji. Analala humo na mwanawe, na cherehani iko humo humo. Jipe wiki nne.

Hatua ya 1: Pima chumba
Tafuta chumba cha kweli, tepu, na mtu wa kukushikia ncha ya pili. Pima kuta, kimo cha dari, dirisha limeanzia wapi kutoka sakafuni, soketi ziko wapi, mlango unafungukia upande gani. Kisha pima kona kwa kona, kwa mshazari. Chumba kilichonyooka cha mita 3 kwa 3 kitakupa mita 4.24 kotekote. Ukipata 4.15 huku na 4.33 kule, kona zimepinda, na kabati ulilochora limenyooka litaacha pengo ukutani. Andika pia kaskazini iko wapi. Simu yako ina dira.

Hatua ya 2: Pima watu
Kiti huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, meza 75. Kabati la kutundika nguo linataka kina cha 60, la sivyo mlango utabana mabega ya mashati. Njia ya mtu mmoja ni 60 kwa kujibana, 90 kwa raha. Lakini usiishie kwenye namba za kukariri. Kaa na mshonaji nusu siku. Utaona kitambaa kinalala kushoto kwa sindano, kwa hiyo nafasi inaachwa kushoto. Ukibandika cherehani kwenye kona ya kushoto umemharibia kazi.

Hatua ya 3: Chora kwa mkono, skeli ya 1:20
Ukuta wa mita 3 unakuwa sentimita 15, unaenea vizuri kwenye karatasi ya A3. Chora ramani, yaani chumba kikitazamwa kutoka juu, halafu mikato, yaani chumba kikikatwa wima na kutazamwa kutoka upande, inayoonyesha kuta zote nne. Wanafunzi huiona mikato kama adhabu, nami naona ndiyo mradi wenyewe. Kitanda cha tano kwa sita peke yake kinakula karibu theluthi ya sakafu, kwa hiyo nafasi iliyobaki iko juu, na ramani haikuonyeshi juu.

Wazee wa pwani walilijua hili. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vyumba vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi chini ya mita 3. Kuta zao nene zikachimbwa zidaka za kuwekea vyombo. Tofali la inchi sita huwezi kulichimba, na mwenye nyumba hatakubali, lakini rafu ya kina cha sentimita 20 juu ya usawa wa kichwa inafanya kazi ileile.

Hatua ya 4: Chora kwa chaki
Nenda uani, chora chumba chote kwa kipimo chake halisi, kisha tembea ndani yake umebeba ndoo. Mimi sikufanya hivyo kwenye mradi wangu wa kwanza. Nilitundika picha nzuri sana ukutani, mwalimu akauliza swali moja: "Mlango unafunguka?" Ulikuwa unagonga kitanda.

Hatua ya 5: Jenga modeli
Boksi gumu, wembe, gundi. Toboa dirisha, toka nayo juani, ielekeze kama chumba kilivyoelekea, na upige picha kupitia mlangoni saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Je, mwanga unafika kwenye sindano, au mshonaji anajitilia kivuli mwenyewe?

Hatua ya 6: Tundika kazi, nyamaza
Ita watu watatu, mmoja awe mshonaji. Usieleze chochote kwa dakika tano. Wasipoelewa mchoro, kosa ni la mchoro.

Mwisho, mpelekee seremala mchoro wa rafu moja na uombe bei. Kila swali atakalokuuliza ni kipimo ulichosahau kuandika. Yaandike yote, rudi uchore upya kabla hajakata ubao.