Una STD ya kazini na uko Minnesota? Ukiugua anza na steti

Ukiangalia slipu yako ya mshahara tangu Januari 2026 utaona kuna kakitu kanakatwa, mtu wa dola 1,000 kwa wiki anakatwa kama dola 4 na senti 40 na bosi anaweka nusu nyingine. Hiyo ndo Paid Leave ya steti, yaani likizo ya kulipwa ukiugua au ukipata mtoto. Sasa wengi wetu tulikuwa tayari na ile bima ya kukulipa ukiugua, HR (ofisi ya wafanyakazi) wanaiita STD, yaani short-term disability (usicheke, si zile za zinaa), na watu wanadhani ukilala hospitali utakula huku na huku. Hapana, haiendi hivyo.

Chukua huyo wa 1,000. Steti inampa karibu 830 kwa wiki, maana kwa mwaka 2026 inalipa asilimia 90 ya zile dola 711 za kwanza halafu asilimia 66 ya zinazobaki. STD nyingi zinalipa asilimia 60, yaani 600. Lakini ndani ya mkataba kuna kipengele cha ofseti, kwamba chochote unachopata kutoka steti kinatolewa kwenye hiyo 600. Toa 830 kwenye 600 uone kinabaki nini. Labda watakutumia ile minimamu, dola 25 hivi, ya kununua chai.

Na usiseme basi siombi steti nibaki na bima. Mikataba mingi inakukata hata kama hukuomba, wanapiga hesabu ya kile ambacho ungepata na kutoa hicho hicho.

Kwa hiyo siku daktari anapokuandikia, mwambie bosi, ingia paidleave.mn.gov uombe (inabidi ugonjwa uwe wa angalau siku 7 na uwe umepata kama dola 3,900 mwaka uliopita, hata pati-taimu wanaingia), na wiki hiyo hiyo fungua klemu ya STD pia. Barua ya steti ikifika ipige picha uwatumie bima siku hiyo hiyo, usikae nayo. Dada mmoja ninayemjua alipasuliwa goti, bima ikamlipa 600 wiki nne, jibu la steti likachelewa halafu pesa zikaingia zote kwa mpigo, akamtumia mamake za mabati, mwezi uliofuata barua ya bima hiyo hapo mlangoni, rudisha 2,400. Sasa ukipata malipo mawili kwa wiki zile zile weka moja pembeni, hiyo si yako.

Kwa wajawazito hesabu ni tofauti kidogo. STD inalipa mwili unapopona tu, kawaida wiki 6, ama 8 ukifanyiwa upasuaji, kukaa na mtoto hailipi hata senti. Steti inalipa vyote viwili, wiki hadi 12 za afya na hadi 12 za familia ila kwa pamoja zisizidi 20 kwa mwaka, kwa hiyo 8 za kupona na 12 za mtoto zinaingia kabisa. Na ukinunua STD ya binafsi ukiwa tayari na mimba, mara nyingi hawatakulipa hiyo mimba.

Ile likizo ya FMLA ya taifa isiyo na malipo inatembea sambamba na hizi wiki, usidhani unaiweka ya baadaye. Kazi yako inalindwa na sheria ya steti ukishamaliza siku 90 kwa huyo mwajiri.

STD inakuja kukusaidia kwa ugonjwa mrefu. Wiki 12 za steti zikiisha na bado huwezi kusimama, hakuna tena cha kutoa, unapata 600 yako nzima kama mkataba unafika wiki 26. Kwa hiyo msimu wa kuchagua bima ukifika muulize HR yako inaishia wiki ya ngapi. Kama inaishia ya 12, unailipia wewe mwenyewe hiyo STD, na mshahara wako ni huo wa elfu moja, mimi ningeiacha.